Maswali na majibu: Kurasa zilizofunguliwa kwenye simu na bando linalokwisha kabla ya wakati

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina duka la fotokopi na picha za pasipoti hapa Arua. Simu ya duka ni Tecno, na mchana kijana wangu wa kazi huitumia kuipatia kompyuta intaneti ili awajazie wateja fomu. Bando la GB 5 la wiki nzima siku hizi linakwisha siku ya pili. Nilifungua historia ya Chrome nikakuta mistari michache tu, na mmoja ni wa saa nane usiku, wakati simu ilikuwa chini ya mto wangu. Naamini kijana anafuta. Nitaionaje orodha kamili, iliyofutwa inarudishwaje, na je, kampuni ya simu inaweza kunipa orodha hiyo? Mwenye duka, Arua, Uganda.

JIBU: Ndugu mwenye duka, nakushukuru kwa kutaja ile saa nane ya usiku na ile kompyuta, maana bila mambo hayo mawili ningekujibu kama ninavyowajibu wengine wote, na ningekuwa nimekupoteza.

Njia ya kuangalia umekwisha kuifahamu: katika Chrome unagusa vidoti vitatu vilivyo juu upande wa kulia, kisha Historia, na kurasa zinajitokeza zikiwa zimepangwa kwa siku, za karibuni zikitangulia. Chrome huonyesha kurasa za siku 90 zilizopita. Za zamani zaidi hujiondoa zenyewe bila mtu kuzigusa. Ila kila kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa kama Chrome, kina daftari lake. Aliyetumia Opera Mini, au Phoenix ambacho huja na simu nyingi za Tecno, hataacha alama yoyote ndani ya Chrome, kwa hiyo fungua kila kivinjari kilichomo kwenye simu hiyo na uangalie historia yake. Video za YouTube zina historia yao ndani ya programu ya YouTube, na kiungo kilichoguswa ndani ya Facebook kwa kawaida hufunguka humohumo Facebook, kisionekane katika Chrome. Kuna pia kichupo fiche (incognito), ambacho hakiandiki kitu katika orodha. Uchache wa mistari, basi, una sababu nyingi, na kufuta ni mojawapo tu.

Sasa ule mstari wa saa nane usiku. Mtu akiingia katika Chrome kwa akaunti ya Google na kuruhusu historia ioanishwe, orodha anayoiona huchanganya kurasa za vifaa vyote vinavyotumia akaunti hiyo. Mwaka jana mama mmoja aliniletea simu mezani kwangu hapa Kampala, nyumbani wakiwa wamekwisha kugombana, kwa sababu ya kurasa za kubashiri mpira zilizofunguliwa usiku wa manane. Niliingia Mipangilio, nikagusa Google, kisha usimamizi wa akaunti, kisha Usalama, na chini kabisa nikafungua orodha ya vifaa. Simu nne. Ya mama ilikuwa mojawapo, na tatu zilizobaki hakuzijua. Aliyemuuzia simu alikuwa na akaunti moja tu, akawawekea wateja wake wote ili wasisumbuke kufungua ya kwao, na mbashiri alikuwa mteja mwingine kabisa, asiyejua kwamba kurasa zake zinasomwa na familia ya watu. Mafundi wenzangu, tabia hii tuiache.

Fanya nawe hivyohivyo. Ukikuta kifaa usichokijua, na akaunti ni yako, kiondoe hapohapo kisha ubadilishe nywila. Ikiwa akaunti ilifunguliwa na mtu mwingine, hifadhi kwanza namba na picha zako mahali pengine, uitoe akaunti hiyo kwenye simu, na uingize uliyoifungua wewe mwenyewe.

Kuhusu kufuta, ipo dalili moja ambayo wengi hawaijui. Katika Chrome ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Tovuti zote. Hapo utaona majina ya tovuti zilizoacha taarifa zao ndogondogo kwenye simu, yaani vidakuzi. Aliyefuta mstari mmojammoja kwa kugusa alama ya kufutia ameondoa mstari tu, na vidakuzi hubaki. Tovuti iliyomo hapa lakini haimo katika historia inaonyesha kwamba ama kuna mtu aliyeondoa mistari, ama ilifunguliwa zaidi ya siku 90 zilizopita, ama ilikuwa imebandikwa ndani ya ukurasa mwingine kama tangazo. Usiyachukue majina yote hayo kuwa ushahidi. Kampuni za matangazo peke yake zinaweza kujaza skrini nzima.

Kurudisha kilichofutwa ni jambo jingine, na hapa nitasema wazi ili usipoteze fedha. Chrome huweka historia yake katika sehemu ya simu ambayo programu nyingine haziruhusiwi kuingia, na simu za miaka ya karibuni huhifadhi data zote kwa usimbaji, yaani zikiwa zimegeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Programu zinazojitangaza kwamba zitakurudishia historia iliyofutwa haziwezi kufika hapo mpaka simu ivunjwe ulinzi wake wa ndani, na katika simu nyingi hatua ya kwanza ya kuvunja ulinzi huo hufuta kila kitu kilichomo, pamoja na hicho ulichokuwa unakitafuta. Nyingi ya programu hizo zinatafuta namba zako, picha zako au malipo yako. Kinachoweza kubaki ni maneno yaliyotafutwa kwenye Google wakati akaunti iko wazi na utunzaji wa Shughuli za Wavuti na Programu umewashwa. Hayo hukaa katika akaunti, si katika simu, na unaweza kuyasoma katika ukurasa wa Shughuli Zangu. Mwenye akaunti anaweza kuagiza yafutwe baada ya miezi 3, 18 au 36, na akaunti zilizofunguliwa tangu katikati ya mwaka 2020 huwa zimepangwa kwenye miezi 18 tangu mwanzo.

Kampuni ya simu usiitegemee. Tovuti nyingi siku hizi husafirisha kurasa zake zikiwa zimefungwa kwa usimbaji, hivyo MTN au Airtel wanaweza kuona jina la tovuti, lakini si ukurasa uliosomwa ndani yake. Kinachokuhusu kama mteja ni kiasi cha bando ulichotumia na kilichobaki. Mtu akiwasha VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yake katika njia iliyofichwa, kama Waganda wengi walivyozoea tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, hata jina la tovuti kampuni hailioni. Wengi hudhani VPN huficha historia ndani ya simu pia. Haifichi, mistari inaandikwa kama kawaida.

Nimekufuata katika maswali yako yote matatu, lakini kwa maoni yangu umeshika daftari silo. Historia ya kivinjari huandika ni ukurasa gani ulifunguliwa na saa ngapi, haipimi bando. Ukurasa mmoja wa fomu na video ya saa nzima huchukua mstari mmoja kila kimoja. Zaidi ya hapo, umesema simu hiyo huipatia kompyuta intaneti. Yote yanayopitia kompyuta hayaandikwi katika historia ya simu hata kidogo, isipokuwa Chrome ya kompyuta nayo iwe imeingia kwa akaunti ileile na kuoanishwa.

Daftari linalopima bando liko kwingine. Fungua Mipangilio ya simu, kisha sehemu ya mtandao, kisha Matumizi ya data. Utaona kila programu na kiasi ilichokula, na miongoni mwao tafuta mstari wa mtandaopepe, yaani intaneti ambayo simu imevigawia vifaa vingine. Sitashangaa ukiwa juu ya yote. Kompyuta ya Windows ikipata Wi-Fi hudhani imepata intaneti isiyo na kipimo, ikaanza kupakua masasisho yake kimyakimya, na sasisho moja linaweza kupita GB 1 huku kijana akijaza fomu ya mteja bila habari. Ukikuta juu ni WhatsApp badala yake, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha; ikiwa ni YouTube au TikTok, hapo ndipo una neno la kumuuliza kijana.

Kwenye kompyuta ingia mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, kisha Wi-Fi, uguse jina la simu yako na uwashe kipengele kinachoieleza kompyuta kwamba muunganisho huo ni wa kipimo. Windows itasimamisha sehemu kubwa ya masasisho, nawe utayapakua siku utakapopata intaneti ya bei nafuu. Usiyaache miezi na miezi, kwa sababu baadhi yake ni ya usalama.

Neno moja la kisheria. Simu ni ya duka, na una haki ya kuikagua, ila mwambie kijana mapema kwamba unaikagua. Akaunti zake binafsi, hata kama ameziacha wazi kwenye simu yako, usizifungue: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inahesabu kuingia katika data za mtu bila idhini kuwa kosa, na ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019.

Kabla hujamwita, andika kwenye karatasi namba iliyo katika mstari wa mtandaopepe asubuhi duka likifunguliwa, uiandike tena jioni, kwa siku mbili, siku ya pili ukiwa umekwisha kubadilisha ile mipangilio ya kompyuta.