Nionyeshe kabla hujaweka bitana

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ukimaliza kazi yako ya mkono unamwonyesha nani kwanza, na unataka akwambie nini?" Nilipowauliza watu wa nyumbani kwangu, mmoja alimtaja mama yake, mwingine mumewe, na mpwa wangu akasema paka. Mimi nashona mifarishi ya viraka vya vitenge, kwa kujifurahisha tu, hapa Tanga. Jibu langu ni kwamba nikimaliza nimeshachelewa. Wa kuonyeshwa wameshaona zamani.

Nieleze kidogo kwa wasioshona. Mfarishi una matabaka matatu. Juu ni uso, yaani vipande vilivyoungwa kimoja kimoja mpaka vikatoa umbo ulilolitaka. Katikati ni ujazo, ambao waweza kuwa pamba ya kutandaza au blanketi kuukuu. Chini ni bitana. Matabaka hayo yakishapigwa bandi, yaani kushikizwa kwa mishono mirefu ya muda, na kushonwa pamoja, ile mishono iliyounga vipande haionekani tena na mtu yeyote. Na mishono hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ndiyo inayosema kama mshonaji aliacha robo inchi kila mahali au alikuwa akikisia, kama alipiga pasi kila alipomaliza mstari au aliona uvivu, kama pembe nne zimekutana kwa haki au zimevutwa mpaka zikakubali kwa shingo upande. Mfarishi wa pembe za kuvutwa hupendeza sana siku ya kwanza. Ukishafuliwa na kuanikwa, unabenuka katikati na kingo zinakwenda upogo, na hapo hakuna la kufanya ila kuufumua wote.

Ndiyo maana Jumamosi, sisi washonaji tunapokutana barazani kwa mwenzetu, kila mtu huja na uso ambao haujafungwa. Hakuna anayetandaza kazi yake na kusimama kando kungoja makofi. Unampa aliye karibu nawe, naye kabla hata ya kuangalia rangi anaugeuza. Anapitisha kidole juu ya mishono. Akikuta uzi umelegea anauvuta kidogo aone unakwenda wapi. Mwanzoni jambo hili linaudhi, sikatai. Umekaa usiku kucha unapanga nyekundu na buluu, halafu mtu hazitazami kabisa, anahesabu mishono.

Lakini sikilizeni wanayoyasema. "Kipande hiki umekikata mshazari, kitavutika." Ni kweli, kitambaa kikikatwa mshazari hakina nyuzi za kukizuia, kwa hiyo kinarefuka kila unapokigusa, na jirani yake aliyekatwa sawasawa anabaki vilevile, wakashindwa kulala pamoja. "Nyekundu hii inatoka rangi." Anayesema hivyo huwa ameshachovya kitambaa cheupe ndani ya maji, akasugua kona, akakuonyesha. Kitenge cha bei nafuu kikikaa jirani na kipande cheupe bila kufuliwa kwanza, mfuo wa kwanza utakupa waridi usiloliomba. "Mshono huu ulazie upande wa giza." Kama ukingo wa ndani umelazwa chini ya kitambaa cheupe, rangi yake inachungulia kwa juu kama kivuli, na watazamaji watadhani ni uchafu. Hayo ndiyo maneno ninayoyataka, na yote yana faida wakati ambapo mkasi bado unaweza kuingia.

Nyumbani mambo ni mengine. Wageni wakikuta mfarishi uliokwisha watasema "hongera", na hongera ni kitu kizuri, naipokea. Pumzi inayofuata ni "unauza bei gani?" Ukijibu kwamba huuzi, wanakuangalia kama mtu anayeficha biashara. Kisha kuna yule ambaye hakosekani: "Si ungenunua blanketi tu?" Huyo nampa chai na tunazungumza habari za mvua.

Sidhani kama hili la kugeuza ni geni kwetu watu wa pwani. Tazama kofia za mkono za Lamu na Unguja, ambazo ndugu zake wa karibu ni zile kumma za Oman. Mchoro huwekwa kwanza juu ya kitambaa cheupe, kisha vitundu vidogo vinatobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia moja yaweza kula miezi. Kofia ni vipande viwili, ukanda wa pembeni na duara la juu, na vinashonwa mbali kabla ya kuunganishwa. Mnunuzi anayejua haivai kwanza. Anaipindua aangalie ndani, maana ya cherehani inajisema yenyewe kwa nyuzi zilizorukaruka kutoka ua hadi ua. Mzee mwenye kofia kama hiyo anaweza kukaa msikitini miaka asitamke bei yake, ila akikutana na mshonaji mwenzake ataivua mwenyewe.

Mfano mwingine ninaoupenda uko mbali, Marekani, katika jimbo la Alabama. Pale ambapo mto Alabama unazunguka ardhi kwa pande tatu kuna kijiji kinachoitwa Gee's Bend, ambacho wakazi wake wengi ni wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba. Wanawake wa huko walishona mifarishi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, suruali za shamba zenye magoti yaliyopauka na mifuko iliyoacha alama nyeusi pale ilipobanduliwa. Walishona kwa sababu nyumba zilikuwa za baridi. Sasa, utaratibu wao ulikuwa huu: uso kila mmoja aliutengeneza peke yake, kwa akili yake, lakini kuyafunga matabaka walikusanyika wakauzunguka pamoja. Maana yake hakuna uso uliofunikwa kabla wenzake mshonaji hawajauona.

Mwaka 1966 baadhi yao, pamoja na wanawake wa vijiji jirani, walianzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee. Kazi zikapata soko. Mwaka 1972 kampuni ya maduka ya Sears iliwapa kazi ya kushona foronya za kitambaa kizito chenye mifuo kiitwacho corduroy, na hapo kila kipande kilitakiwa kifanane na mwenzake. Hiyo ilikuwa mishahara, na mishahara haina mjadala. Ila mabaki ya kitambaa hicho yalirudi nyumbani, na humo zikatoka baadhi ya kazi zinazotazamwa zaidi leo, rangi ya kijani na dhahabu zilizopangwa bila kumwuliza mtu. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, kisha la Whitney jijini New York, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani. Nafurahi kwa ajili yao. Hata hivyo kila nikiona picha za kuta zile najisikia kutaka kupeleka mkono nyuma, na makumbusho hayaruhusu.

Kuna washonaji wasio na tatizo hili kabisa. Wasiddi wa Karnataka, India, ni wazao wa Waafrika, wengine wao waliopitishwa Goa mikononi mwa Wareno. Mfarishi wao, kawandi, huanzia kingoni ukaingia ndani, raundi baada ya raundi, mpaka katikati. Kila kipande kinashonwa moja kwa moja juu ya bitana, ambayo mara nyingi ni sari kuukuu, kwa hiyo kuunga na kufunga ni kazi moja. Kwa nyuma unaona safari yote ya sindano, hakuna kilichofichwa. Pembeni wanaweka vipande vidogo vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, yaani maua, na bila hivyo mfarishi huhesabiwa kuwa uko uchi. Nimejaribu mtindo wao kwenye mto mdogo. Vidole vinachoka haraka, subana, kile kikofia cha kukinga kidole, si ya hiari, lakini kwa mtu mwenye tabia ya kuficha mishono mibaya ni dawa tosha.

Nigusie na suala la michoro, kwa sababu najua litakuja. Wapo wenzetu wanaoficha vielelezo vyao vya katoni vya kukatia vipande kana kwamba ni hati ya shamba. Naona ni utoto. Mchoro wa miraba tisa hauna mwenyewe, wa pembetatu pia. Ukiwa umebuni kitu kweli, tunachodaiwa sisi ni kuomba, na mtu akisifu tumtaje aliyebuni. Na wanaotuma picha kwa simu, tafadhali, picha ya mbele mchana kwenye mwanga mzuri hainiambii kitu. Tuma ya nyuma ndipo uniulize maoni.

Ugomvi wetu wa sasa ni wa ujazo. Mimi kwa joto hili la Tanga natia kanga kuukuu katikati, basi. Unapata uzito kidogo, unafulika, jua la siku moja linaukausha. Shoga yangu mmoja aliyezaliwa Lushoto, kule juu ambako usiku watu huvaa sweta, anashikilia kwamba bila pamba nene hicho ni shuka kilichojitia makuu. Ameshona mmoja wa namna hiyo, mishono yake safi kweli, nimeugeuza mara mbili nikitafuta kosa. Kwa Lushoto nakubali kabisa. Tatizo ni kwamba ameushona kwa ajili ya mwanawe, na mwanawe anakaa Chumbageni, hapa hapa Tanga, kwenye chumba cha dirisha moja.