Daktari mpya wodi ya watoto, mfungue mtoto nepi

Wadogo zangu mnaoanza intani, iwe hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala hapa Dar es Salaam, mtaletewa mtoto wa kiume mwenye homa isiyokoma. Kadi yake imejaa UTI na antibayotiki, na bibi anasema ni chango. Kabla hujaandika dozi nyingine, muulize mama: mkojo unaruka au unadondoka? Anajikamua? Kisha fungua nepi, subiri uone mwenyewe. Akimaliza, papasa chini ya kitovu. Kibofu kikiwa bado kigumu, fikiria vali kwenye mrija wa mkojo, vijingozi ambavyo watoto wa kiume huzaliwa navyo. Mkojo hukwama, kibofu hunenepa, figo hujaa maji. Mkondo mzuri usikudanganye, maana kuna vibofu vyenye nguvu ya kusukuma, omba ultrasaundi.

Ukitaka kuutoa mkojo uliokwama, katheta (mrija wa kutolea mkojo) yenye puto iache. Mrija mwembamba wa kulishia unatosha, kwani puto huweza kukifanya kibofu kinene kibane na kuziba njia za kutoka kwenye figo.

Mkojo ukishatiririka, wengi hushusha pumzi na kwenda kunywa chai. Hapo ndipo pa kukaa macho. Figo iliyokuwa imebanwa inaweza kumwaga maji na chumvi kwa kasi, na mtoto akakauka mikononi mwako. Pima uzito, hesabu mkojo kila saa, rudia kupima sodiamu na potasiamu, chumvi za kwenye damu. Kama hukusanyi mkojo kwenye mfuko, pima nepi kavu, kisha iliyolowa: gramu moja iliyoongezeka ni kama mililita moja. (Mizani ya wodi ikiwa imeazimwa, kaidai, usikadirie kwa macho.) Kichanga wa siku mbili, kreatinini yake (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) bado ni ya mama, kwa hiyo ipime tena baadaye. Gentamisini, antibayotiki inayoweza kuumiza figo, itumie kwa tahadhari; diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuziumiza pia, usiiguse.

Vali hukatwa kwa kamera nyembamba. Isipopatikana ya saizi yake, daktari wa upasuaji hutoboa njia ya mkojo tumboni. Waeleze wazazi mapema, maana tundu lile linatisha.

Baada ya hapo mtoto hucheza, na nauli ya kutoka Chanika, pembezoni mwa jiji, hadi kliniki huanza kuonekana hasara. Lakini figo huweza kuchakaa kimyakimya hadi ukubwani. Andika kwenye kadi tarehe ya kliniki, presha, kreatinini, na protini kwenye mkojo. Chukua namba ya simu ya mama, na ya baba pia.