Kocha, mvua imeniharibia mazoezi, nifidie vipi kilometa nilizokosa?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni dada wa Tabata, miaka 34, najiandaa na nusu marathon ya Dodoma mwezi wa saba, zimebaki wiki 9. Mbio ndefu ya Jumapili nilishafika kilometa 14 ila hii masika imenimaliza, wiki mbili na nusu sijakimbia kabisa, njia yangu ya Segerea ni tope tupu na kila alfajiri inanyesha. Nimepiga hesabu nimekosa kama kilometa 75. Nataka nizifidie kwa kukimbia asubuhi na jioni, au Jumapili hii nipande moja kwa moja hadi 18. Pia kukimbia kwenye mvua kuna ubaya? Na tredimili ya jimu ni sawa na barabara? Lengo langu nimalize ndani ya masaa mawili.

JIBU: Marahaba dada yangu, pole na tope. Nianze na hizo kilometa 75 maana naona ndizo zinakunyima usingizi: zifute. Hakuna anayekudai. Dozi ukisahau kumeza siku tatu, siku ya nne humezi vidonge vyote kwa mpigo, na mazoezi ni hivyohivyo.

Tuangalie kwanza umepoteza nini hasa, maana watu wengi wanadhani wiki mbili zikipita bila kukimbia basi wamerudi sifuri. Mwaka 1984 kule Marekani mtafiti Edward Coyle na wenzake waliwapima wanamichezo waliokuwa fiti kwelikweli halafu wakaacha mazoezi kabisa, baada ya siku 21 uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka asilimia 7. Saba tu, na hao walikuwa juu sana kwa hiyo walikuwa na cha kupoteza. Sehemu kubwa ya huo mshuko wa mwanzo ni damu, yale majimaji ya damu yanapungua ujazo, moyo kila ukipiga unasukuma kidogo kuliko zamani, ndio maana siku ya kwanza ukirudi utahema kama hujawahi kuvaa raba maisha yako yote. Usitishike. Ujazo wa damu unarudi upesi, baada ya wiki moja au mbili za mazoezi ya kawaida utashangaa pumzi imeshakaa sawa.

Na hapo sasa ndipo watu wanapoumia! Pumzi inarudi haraka kuliko miguu. Moyo unakwambia twende, lakini kano za kisigino na mfupa wa ugoko bado havijazoea tena kugonga lami, sasa ukiunganisha asubuhi na jioni au ukaruka kutoka sifuri hadi 18 Jumapili moja, wiki ya tatu utanitumia swali jingine, kocha ugoko unaniuma hata nikishuka kwenye daladala. Hilo ni gumu zaidi kulijibu kuliko la leo.

Kwa hiyo Jumapili hii fanya 10, taratibu, uwe unaweza kuongea na mtu njiani. Inayofuata 12, halafu 14 ulipoishia. Wiki ya nne shuka hadi 11 mwili upumue, kisha 16, 18, 19, wiki ya nane shuka 13, ya tisa ni Dodoma yenyewe. Huhitaji kufika 21 kwenye mazoezi, ukifika 19 ukiwa mzima hizo mbili zilizobaki watu wa pembeni ya barabara watakusukuma. Katikati ya wiki kimbia siku tatu tu, wiki ya kwanza zote nyepesi, kuanzia ya pili moja iwe ya kasi.

Habari njema ni kwamba kalenda iko upande wako. Masika inaishia mwezi wa tano, mwezi wa sita kipupwe kinaingia, na kwa sisi wa Dar hiyo ndio miezi ya kukimbia, joto limepungua na ule unyevu wa kufanya jasho ligande mwilini bila kukauka unapungua. Utaona kasi ileile iliyokuwa inakutesa mwezi wa tatu sasa unaenda nayo huku mapigo ya moyo yametulia, na huo sio muujiza, ni hewa tu.

Mvua yenyewe ya kawaida, manyunyu au hata kubwa kiasi, haina shida, wengine tunaipenda kuliko jua la saa tatu. Radi ndio mwiko. Ukiona mwanga anza kuhesabu, ngurumo ikifika kabla hujamaliza sekunde 30 ujue radi iko kama kilometa 10 au pungufu, ingia ndani ya jengo, sio chini ya mwembe, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Najua dakika 30 ni nyingi ukiwa umeloa, kaa tu.

Kingine ni maji yaliyotuama na ya mafuriko. Wewe wa Tabata bonde la Msimbazi unalijua vizuri kuliko mimi, likijaa usijaribu kulikatiza kisa umeona bodaboda kapita. Chini ya yale maji kuna mashimo, kuna mifuniko ya chemba iliyoondoka, na kuna homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Vijidudu vyake vinatoka kwenye mkojo wa wanyama hasa panya, vinakaa kwenye maji na tope halafu vinaingilia kwenye michubuko, na mkimbiaji hakosi mchubuko mguuni. Ukikanyaga kwa bahati mbaya osha na sabuni mara tu ukifika nyumbani, homa ikikupata siku za baadaye nenda hospitali na mwambie daktari kwamba ulikanyaga maji ya mafuriko, asipambane na malaria peke yake.

Siku ya mvua acha soksi za pamba, zinanyonya maji na zinaleta malengelenge, paka mafuta ya mgando kwenye vidole, kwapani na kwenye mshono wa sidiria. Raba zikiloa toa kamba na ile soli ya ndani, jaza gazeti mpaka kwenye vidole, baada ya saa moja gazeti limelowa chapachapa unaweka jingine, rudia mpaka litoke kavu, halafu ziache kivulini penye upepo. Wapo wanaoziweka juu ya jiko la mkaa, gundi inaachia, laki yote imekwenda.

Tredimili inafaa, ila miguu inajua tofauti. Pale hakuna upepo wa kuupasua, kwa hiyo inyanyue kidogo, asilimia 1, gharama ya nguvu inakaribia ya barabarani, hilo lilipimwa miaka ya 90 na kwa wakimbiaji wa kasi yetu ya kawaida haijalishi sana. Bana ile klipu ya usalama kwenye nguo, maana ukiteleza inachomoka na mkanda unasimama. Kama jimu ni gharama tumia ngazi za ofisini, panda kwa nguvu dakika mbili, shuka kwa kutembea, mara nane. Usishuke mbio, mapaja yatakufa siku mbili. Kamba ya kuruka nayo ni nzuri ukiwa umeanza kuzoea, dakika chache tu.

Sasa masaa mawili. Hiyo ni kama dakika 5 na sekunde 40 kwa kila kilometa, mwanzo mwisho. Usiamue leo. Ile Jumapili fupi ya wiki ya nne nenda mapema Daraja la Tanzanite, pasha misuli kilometa moja, kisha kimbia 10 kwa nguvu zako zote za halali. Ukimaliza kwa dakika 54 hivi masaa mawili yapo, yafuate. Ukitoka na 56 au 57 lenga saa mbili na dakika nne, tano, sita. Na Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa yake mwezi wa saba ni kavu na asubuhi ni baridi, kwa hiyo kilometa tano za kwanza nenda na 5:50 hata kama unajisikia unaruka, beba sweta la kuvua dakika za mwisho, na usipande treni ya usiku wa kuamkia mbio, fika Ijumaa ulale.