Empire State Building "ilifunguliwa" au "lilifunguliwa"?

Swali: Ninaandika makala kuhusu majengo ya New York. Niliandika "Empire State Building ilifunguliwa mwaka 1931". Mwenzangu akafuta, akaweka "lilifunguliwa", kwa hoja kwamba hilo ni jengo. Nani yuko sahihi?

Jibu: Nyote wawili, ila msichanganye. Jina la kigeni likisimama peke yake, kwa kawaida huingia ngeli ya i-/zi-, pamoja na maneno mengi ya mkopo. Mwenzako amesikia "jengo" ambalo halikuandikwa, akalifuata. Kosa ni kuandika "ilifunguliwa mwaka 1931 na lina ghorofa 102": sentensi moja, ngeli mbili.

Mimi ningelitaja jengo waziwazi, "Jengo la Empire State lilifunguliwa", maana upatanisho hauishii kwenye kitenzi. Lazima utafika mahali useme kwamba kwa takriban miaka 40 lilikuwa refu kuliko yote duniani, tangu lilipolipita la Chrysler hadi World Trade Center ilipojengwa. Kwa i- itakubidi uandike "ilikuwa ndefu kuliko zote", na msomaji ana haki ya kuuliza: zote zipi? Ndiyo maana waandishi wengi hukimbilia "ina urefu wa mita 381". Ni sahihi, lakini huwezi kuandika makala nzima kwa kukwepa kivumishi.

Kanuni ni hiyohiyo kwingine. Daraja la Brooklyn lilifunguliwa mwaka 1883. Ukiamua kuiita One World Trade Center mnara, basi mnara huo ni mrefu, una mita 541.

Wengi huteleza kwenye Sanamu ya Uhuru. Kwa kuwa ina umbo la mwanamke, huandika "Sanamu ya Uhuru ameinua mwenge". Sanamu haina uhai, hata ikiwa na uso na taji. Andika: imeinua mwenge kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto imeshika kibao chenye tarehe ya uhuru wa Marekani. Ukiitaka a-, mlete mwanamke mwenyewe: "Mwanamke huyo ameinua mwenge."

Kuhusu ghorofa, usiandike "maghorofa 102". Maghorofa, kwa matumizi ya mtaani, ni majengo yenyewe. Na ukitaja roshani maarufu ya watazamaji, iache ghorofa ya 86 kama wenyewe wanavyoiita, ingawa Wamarekani huanza kuhesabu moja pale chini kabisa, tunapopaita sisi ghorofa ya chini.