Barua kwa mwanangu: darasa moja, shule mbili

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako. Tangu uanze kufundisha unajiuliza inakuwaje wanafunzi waketi chumba kimoja, wafundishwe na mwalimu mmoja na ada wasamehewe wote, kisha mtoto wa mwenye nacho aondoke na mengi kuliko mtoto wa kibarua. Na unashuku huenda ni akili tu. Mimi sidhani hivyo.

Ripoti ya mwanasosholojia Mmarekani James Coleman ya mwaka 1966, iliyochunguza shule za Marekani, ilionyesha kwamba hali ya nyumbani ilieleza tofauti za matokeo zaidi kuliko vifaa vya shule. Wapo waliohitimisha kuwa basi shule haina athari, jambo ambalo silikubali, kwa sababu shule ndiyo inayoamua ni malezi yapi yahesabiwe kuwa werevu. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu aliuita urithi huo wa nyumbani mtaji wa kitamaduni: namna ya kusema, mazoea ya vitabu, kutowaogopa wakubwa, mambo ambayo shule humdai kila mtoto bila kumfundisha.

Chukua suala la kuomba msaada pale zoezi linapokuwa gumu. Mtoto aliyezoea kujadiliana na wazazi wake mara nyingi humwita mwalimu, na asiporidhika humwita tena, hata akapewa nusu ya jibu. Mwenzake, aliyefunzwa kuwa kumsumbua mkubwa ni utovu wa adabu, huandika, hufuta, huandika tena, mpaka karatasi itoboke na kengele ilie. Mwalimu, bila nia mbaya, humwona wa kwanza mdadisi na wa pili mzito. Kufikia mwisho wa mwaka watoto wenyewe wameshaiamini hukumu hiyo, na kwangu hiyo ndiyo dhuluma inayotisha zaidi, kwa kuwa njaa na sare iliyochakaa angalau huonekana na mtu akazihurumia.

Kwa hiyo usingoje mikono inyooshwe. Pita dawatini kwa kila mmoja, ukianza na walio kimya. Sema waziwazi kwamba kuuliza ni sehemu ya kazi, na ueleze jibu zuri huwa na nini, maana wengine hawakuwa na wa kuwaambia. Kazi inayohitaji chumba tulivu au mzazi msomi ifanyike darasani, hata kama mada zitachelewa kidogo na mkuu wako akanung'unika.

Mama yako