Kabla ya Kusaini Kazi ya Ambulensi, Uliza Kurudi Kunalipwaje

Mwaka wangu wa kwanza katika kampuni ya ambulensi Nairobi, tulipeleka mgonjwa Kisumu usiku, kilomita kama 350. Tulimkabidhi kukipambazuka, tukageuza gari. Kuanzia Kericho dereva alikuwa akipiga miayo, nami kazi yangu ikawa kumpigia soga asisinzie. Mwisho wa mwezi nikakuta zimehesabiwa saa za kwenda tu. Kurudi hakukuwa kazi, nikaambiwa, maana garini hamkuwa na mgonjwa.

Tangu hapo, kijana akiniomba ushauri kuhusu kampuni fulani, mshahara ndio jambo la mwisho ninalotaja. Huo utaambiwa hata bila kuuliza. Ulizia zile saa ambazo mgonjwa hayuko, au yuko lakini hamwendi popote. Hospitali ikikosa kitanda, mgonjwa hubaki kwenye machela yenu, na bila machela hamwondoki. Zamu inaisha saa moja jioni, nyinyi bado mko mlangoni saa nne. Nani analipa hapo? Usiulize ofisini pekee. Nenda kwenye maegesho, uwasalimie madereva. Dereva hafichi kitu, hasa ukimkuta anakunywa chai.

Ukiwa hapo, omba uonyeshwe oksijeni. Silinda ya saizi E ikijaa ina takriban lita 680. Barakoa ya lita 15 kwa dakika itaimaliza ndani ya dakika 45, na sihitaji kukueleza foleni ya Mombasa Road jioni ya mvua. Nimewahi kukwama pale macho yakiwa kwenye geji, si kwa mgonjwa. Kampuni inayosubiri silinda iishe kabisa ndipo ijazwe, mimi siifanyii kazi tena.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu, na huchukua miezi sita kukamilika, kwa hiyo ianze hata kabla hujapata kazi. Mimi nilidungwa na sindano gari liliporuka tuta. Ukidungwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni, kisha nenda ukaanzishiwe dawa za kuzuia HIV siku hiyohiyo. Zikipita saa 72 umechelewa. Dawa hizo hunywewa siku 28. Mjulishe mwajiri mapema, tena kwa maandishi, maana Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inataka ajulishwe. Meneja wangu alisema, "Si umepona?" Nikamwambia aandike hayo maneno, akakataa.

Wengi wetu tunaitwa kwa siku, vibarua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa kibarua. Pia una haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Lakini sheria itakusaidia vipi kama huna tarehe?

Nunua daftari dogo, liingie mfukoni. Andika muda wa kuitwa, wa kufika, wa kukabidhi, wa kurudi kituoni. Langu nililipeleka kwa mhasibu baada ya miezi minane, akalipekua kimya, nikalipwa safari mbili za mwisho. Ile ya Kisumu haikuwemo. Wakati huo sikuwa na daftari.