Shemeji anatuita Texas, mke wangu hajui kazi inayumba

*Shangazi, huu ni mwaka wangu wa sita kwenye ghala moja hapa Minnesota. Kuna uvumi kwamba tutapunguzwa. Shemeji yangu yuko Houston, nimemweleza yote, naye anasema niache kazi mapema tuhamie kwake, maisha kule ni nafuu. Mkubwa wetu anamaliza sekondari Juni. Mke wangu ni msaidizi wa wauguzi. Sijamwambia habari za kazi. Nimemwambia nimechoka na baridi. Nifanyeje? – Baba wa Watatu*

Baba wa Watatu, hiyo baridi ndiyo iliyonikosesha raha. Kaka mtu anajua, dada mtu hajui. Unamtaka mwenzio aache kazi na watu aliowazoea, na sababu uliyompa si ya kweli. Siku akiusikia ukweli kwa kaka yake, na atausikia tu, kitakachomuuma ni kwamba ninyi wawili mlikaa mkayapanga maisha yake yeye akiwa hayupo.

Sasa kazi. Tafadhali usiiache kwa uvumi. Ukiacha mwenyewe, kwa kawaida unapoteza malipo ya wasio na ajira. Ukipunguzwa, unayaomba Minnesota ulikofanyia kazi, na unaweza kuyapokea hata ukiwa umeshahamia Texas, mradi unatafuta kazi kweli. Tena, sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 inawataka waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi watoe notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kituo au kupunguza watu kwa wingi, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Miezi miwili hiyo ni ya kujipanga ukiwa bado unalipwa.

Shemeji yako hakudanganyi: Texas haikati kodi ya jimbo kwenye mshahara. Ila bima ya afya je? Kama mnatumia Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, haihami nanyi, mtaiomba upya. Na Texas haijaipanua kwa watu wazima, kwa hiyo watoto wanaweza kuipata, ninyi wawili mkaikosa. Hilo nalihofia kuliko kodi ya nyumba. Mkeo naye cheti chake kiko kwenye daftari la Minnesota. Sharti kikubaliwe kwanza Texas ndipo afanye kazi hiyo kule. Je, ulipokuwa ukipiga hesabu na shemeji, mshahara wa mkeo mliuweka wapi? Pengine ndio utakaowalisha.

Mkubwa wenu mwacheni amalize Juni. Kumhamisha sasa, huku kila jimbo lina masharti yake ya kuhitimu, ni kumwonea.

Ikifika notisi, nenda Houston peke yako kwanza, wiki mbili hivi, utafute kazi yenye barua mkononi. Na kama hamjawa raia, mkihama mnatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10; wengi hulisahau hili.

Lakini haya yote yanasubiri. Usiku huu, watoto wakishalala, keti na mama watoto umweleze ya kazini kama ulivyonieleza mimi. Anza kwa kumwomba radhi kwa ile ya baridi. Halafu nyamaza, umsikilize anataka nini.